Alama za Mtathmini wa Tatu

Kocha aliifungua bahasha kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa tope tupu. Wasichana kumi na wanane walimzunguka wakihema. Alisoma mstari wa kwanza, akaikunja barua.

"Tumekosa."

Hakuna aliyelia. Mwaka wa sita huo, walishazoea.

Kila mwaka Bahati Nasibu ya Taifa hutenga fungu la kujenga viwanja vya michezo, na kila mwaka kocha aliomba vitu vilevile: mifereji ya kutoa maji, uzio, na chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango. Basi. Hakuomba taa wala viti. Lakini safari hii maji yalikuwa shingoni. Manispaa iliwaazima ardhi ile kwa miaka sita tu, na kama mwisho wa mwezi ungefika hapajajengwa kitu, ingeichukua iwe yadi ya magari ya taka.

"Mkono mtupu haulambwi, kocha," nahodha alisema huku akikamua soksi. "Na wewe baba yako yuko hukohuko kwenye kamati! Si umwambie tu?"

"Baba yangu haambiwi."

Kweli, haambiwi. Mzee yule aligawa fedha hizo kwa miaka ishirini, na hata kalamu ya ofisi hakuwahi kurudi nayo nyumbani. Mkandarasi mmoja aliwahi kumletea mbuzi. Alimrudisha mwenyewe kwa miguu, mbuzi akigoma njia nzima, mtaa mzima ukivunjika mbavu. Mwaka ule wa kwanza, kocha alipojaribu kumwonyesha fomu yake, mzee alijifunika uso kwa gazeti. "Ondoa hiyo, mwanangu. Watu watasemaje?" Tangu hapo hawakuligusa tena jambo hilo, na kocha, jamani, aliona fahari. Nani mwingine alikuwa na baba kama yule?

Sasa barua ya mwaka huu ilikuwa na jambo jipya. Sheria ya uwazi ilikuwa imepita, kwa hiyo alama za watathmini wote watatu ziliandikwa, ila bila majina. Wa kwanza, tisini na moja. Wa pili, themanini na nane. Wa tatu, kumi. Wastani wao sitini na tatu, na kufaulu ni sitini na tano.

"Kumi!" Kocha aliirudia barua asiamini. "Huyu kaona nini ambacho wenzake hawakukiona? Kalishwa rushwa huyu, wallahi kalishwa!"

Alikwenda ofisini vilevile, na viatu vyake vya tope, akaacha nyayo kwenye sakafu nzima ya mapokezi. Karani alizitazama zile nyayo, kisha akamtazama yeye, akamwonea huruma.

"Dada, sisi hapa hatubadilishi alama. Ni mtathmini mwenyewe tu anayeweza kuzirekebisha, ndani ya siku kumi na nne. Jina lake siwezi kukupa. Mwandikie, nitamfikishia."

Akaandika palepale, amesimama. Alikusudia kumtukana, akajikuta anaomba. "Ndugu mtathmini, sikujui, na sina haja ya kukujua. Njoo tu uone. Golikipa wetu ametegua goti kwenye shimo tulilolifukia kwa mikono mara nne, na mvua ikalifukua mara nne. Ana miaka kumi na sita. Kama fomu ina kosa, kosa ni langu. Usiwaadhibu watoto wa watu."

Jumapili alikwenda kula kwa baba yake kama kawaida. Siku hiyo mzee hakuwa na hamu ya chakula. Alimwongezea binti yake mchuzi, akazungusha kijiko, mwishowe akauliza, "Na goti la golikipa wako linaendeleaje?"

"Bado anachechemea, baba."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Kocha alitamani kummwagia yote, alama kumi, yadi ya taka, hasira zilizomkosesha usingizi wiki nzima. Badala yake akaendelea kula. Hakutaka kumponza mzee wa watu, tena amebakiza mwezi mmoja tu astaafu.

Siku kumi na nne zikaisha, kimya. Ya kumi na tano likaja tingatinga, na magoli yote mawili yakalala chini kabla ya saa nne asubuhi. Wasichana walitazama kutoka barabarani, mabegi mgongoni. Golikipa alivua glovu, akamkabidhi kocha.

"Kaa nazo wewe. Mimi nitazipeleka wapi?"

Kocha akazipokea. Timu nyingine ya wasichana mjini humo haikuwepo.

Mwezi uliofuata mzee akaagwa. Ukumbi ulijaa wajumbe, waandishi wa habari na marais wa vilabu vyenye taa na viti. Kocha alikaa mstari wa mbele, kavaa gauni lake la heshima, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi moyo wake ulitulia kidogo. Kiwanja kimekwenda, alijiambia, lakini baba ninaye.

Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, uadilifu mmezoea kuusikia redioni. Leo mnauona kwa macho! Kanuni zetu zinamruhusu mjumbe kukataa kutathmini faili la ndugu yake. Huyu hakukataa. Mara sita maombi ya klabu ya binti yake yalimfikia mezani, na mara sita aliyapa alama kumi, asije mtu akasema anapendelea damu yake!"

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, na mshereheshaji akamwita kocha jukwaani aje amvishe baba yake shada la maua.