Pumzi ya Mpiga Tarumbeta

"Virusi vyenyewe viliyaogopa mapafu haya," alijigamba Mzee Shomvi, mpiga tarumbeta wa harusini aliyetoka kuugua kifua. "Nikipuliza, mtaa wa pili watafunga madirisha."

Zamoyoni, mpimaji wa mapafu, alikuwa amehamishia mashine uani kwenye upepo. Akakaza barakoa, akachomeka kichujio kipya kwenye mrija, akasimama nyuma ya mzee.

"Toa pumzi yote kwa mkupuo, babu. Ukifaulu, unarudi bendi."

Shomvi akavimbisha mashavu, akaitoa kidogo kidogo kama anayesindikiza bibi harusi.

"Usiibanie. Rudia."

Akapuliza, akakohoa sana. "Mashine yako mbovu."

"Mwongo huyo," mkewe akadakia nje ya uzio. "Juzi mshumaa wa keki ulimshinda, nikauzima kwa kanga."

Shomvi akaushika tena mrija, akavuta hewa mpaka mabega yakakaribia masikio.