Wimbo wa Mzee wa Latvia

"Simama! Simama!" Esperance alipiga benchi kwa kiganja, na kwaya nzima ikanyamaza. "Tsongo, nani alikuambia ushuke pale?"

Tsongo, kiongozi wa sauti ya chini, alijikuna shingo. "Maman, niliona iko muzuri zaidi tukishuka."

"Hapana. Mwenye wimbo anakuja Jumapili. Kazi ya mutu haiguswi."

Watu wakacheka, wakaanza upya.

Kwaya ile ya Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, ilikuwa ya watu waliotoka Beni na Butembo huko Kongo, wengine wakimbizi, wengine wachuuzi. Esperance mwenyewe aliuza vitenge karibu na mpaka. Na mwenye wimbo alikuwa Arvids Zemturis, mtunzi wa muziki wa kutoka Latvia, nchi ya baridi huko Ulaya. Padri Kosmasi, paroko wao, alikutana naye zamani alipokuwa akisoma huko. Aliusikia wimbo wake ukiimbwa kanisani, na tangu siku hiyo haukumtoka rohoni. Sasa mzee huyo alikuwa Kasese, mji wa jirani, amekuja kuiona theluji ya Rwenzori kabla miguu haijamgomea. Padri akamwalika misa ya Jumapili, na kumwahidi zawadi, asimwambie kuwa ni wimbo wake.

Shida ni kwamba Padri hakuwa na kanda wala karatasi ya muziki. Alikuwa na kumbukumbu tu. Kila baada ya misa alimkalisha Esperance sakristia, akafumba macho na kumvumia wimbo, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Mara kwa mara alipotea njiani, akabaki kupunga mkono hewani. "Halafu inapanda, inapanda... eeh, halafu unajua mwenyewe."

Ajabu ni kwamba Esperance alijua. Padri alipokatika, yeye alisikia wazi wimbo ulikotaka kwenda, akaufuata mpaka mwisho. Padri alifumbua macho na kupiga makofi. "Ndiyo hiyo! Ndiyo yenyewe!"

"Inasema juu ya nini, Padiri?"

"Mama anangojea mutoto wake ngambo ya muto." Padri akafikiri kidogo. "Naamini hivyo."

Basi Esperance akautilia maneno ya Kinande, lugha ya kwao. Alipofika pale mama anapoita, akamkumbuka mama yake mwenyewe, aliyekataa katakata kuliacha shamba lake la Butembo. Akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Huyu Mzungu wa barafu, alijiuliza, nani alimpelekea habari zangu?

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Mzee Zemturis alikaa mbele kabisa, mrefu, nywele nyeupe pe, pua imebabuka kwa jua la mlimani. Esperance alimtazama mara moja tu. Akainua mkono.

Wakaimba. Tsongo hakushuka pale pasipotakiwa. Sauti za akina mama zilipanda mpaka mabati yakaitikia. Kwenye ubeti wa pili, mzee aliinamisha kichwa. Kwenye wa tatu alivua miwani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nimemharibia, aliwaza Esperance. Mutu ametoka mwisho wa dunia, nami nimemharibia kazi yake. Ila hakuthubutu kuishusha mikono. Akawaongoza mpaka neno la mwisho.

Kisha vigelegele vikalipuka, hata waliokuwa nje wakapokea.

Mzee akainuka, akaja moja kwa moja hadi kwa Esperance, akamshika mikono yote miwili. Machozi yalimtiririka bila haya. Akasema maneno mengi kwa lugha ambayo Esperance hakuielewa hata chembe. Padri Kosmasi alisimama kando yao akisikiliza, akitabasamu uso mzima.

Halafu tabasamu likamtoka. Akamgeukia Esperance, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Anasema nini, Padiri? Tumekosea?"

"Anasema katika maisha yake yote hajasikia wimbo kama huu." Padri akashusha sauti. "Anauliza mutungaji wake ni nani."