Salama, Ila

Si zamani, ni juzi tu, Pengwini aliletwa nchi ya joto kama ekspati, yaani mtaalamu wa kigeni, pamoja na friza lake la kulalia, maana bila barafu angekufa. Friza lililindwa na Nungunungu, mwenye digrii mbili za lugha.

Asubuhi Pengwini akapita mbio. “Habari, Nungu?”

“Salama, bosi. Ila…”

“Perfect!” Akaenda mitingi.

Jioni akakuta barafu imekuwa maji ya kuogea. “Umeme umekatika, mbona hukusema?”

“Nilianza, bosi, ukaniacha njiani. Kwetu hata nyumba ikiungua tunasema salama. Moto uko kwenye ila.”

Pengwini, akihema kwenye beseni la barafu ya kuazima, akaandika ripoti: wenyeji hawajui mawasiliano. Akaongezewa mkataba ili awafundishe. Nungunungu naye hakusahaulika: akateuliwa kuwa mkalimani wake, kazi ya kujitolea.