Waya Unaojikaza

Siku hizi mtoto haandikishwi sekondari bila kufungwa waya wa meno, ule unaojikaza wenyewe kila asubuhi, na ufunguo anao daktari wa shule. Kalunde alipolia, mamake, Nyamizi, alimwambia, "Vumilia, mwanangu. Daktari kasema ndiyo yananyooka."

Jana Kalunde aling'ata andazi, jino la mbele likabaki humo. Halikuwa na mzizi, kama lile la utotoni tunalorusha paani. Ila hili la ukubwani halioti tena.

Nyamizi akampigia daktari simu.

"Waya ukizidi kuvuta, mwili hula mizizi," akajibu bila haya. "Tuliona kwenye picha za eksirei tangu mwaka jana. Tungewaambia, si mngekataa?"

Kalunde alisikia. "Nilikwambia linacheza, mama."

Asubuhi waya ukajikaza tena. Safari hii hakumwambia mamake kitu.