Folda ya Masijala

"Folda ya masijala imefunguka?" Meya Kanchev aliuliza kwa mara ya nne asubuhi ile, akimpumulia Yasen shingoni.

"Ya ardhi imefunguka, mheshimiwa. Ya maji imefunguka. Ya kodi…"

"Kijana, nimekuuliza kodi?"

Yasen, fundi wa kompyuta, akarudi kwenye kibodi. Mkataba wake wa muda ulikuwa unaisha Ijumaa. Folda zote za halmashauri zikifunguka kupitia mlango mmoja, kwa kila mfanyakazi, angepewa ajira ya kudumu. Ikikosekana hata moja, angerudi mjini Plovdiv kuuza vifuniko vya simu kwenye duka la shemeji yake.

Kabla ya mlango huo kila idara ilikuwa na njia yake. Watu wa maji waliandika anwani ndefu kama majina ya wafalme. Watu wa ardhi walipitia kompyuta ya mlinzi, na mlinzi akiizima aende kula, mji mzima ulikosa ardhi. Ndipo Meya akatangaza kwamba uwazi ndio roho ya Ulaya. Wafanyakazi walipiga makofi kwa heshima, ingawa kila mmoja alijua kwamba uwazi huo unanukia pilipili hoho.

Ijumaa hiyohiyo ilikuwa siku ya mashindano ya lyutenitsa, ile rojo ya hoho za kuchoma na nyanya ambayo ndugu huacha kusalimiana kwa ajili yake. Shangazi Stoyna wa masijala alishinda kila vuli, tangu enzi za nywele za Meya. Siri ya mapishi yake hakumwambia mtu. Lakini alikuwa na folda ambayo hakuna aliyewahi kuiona ndani, na halmashauri nzima ilijua kujumlisha.

Yasen alimkuta akifuma soksi. Chungu cha ua la geraniamu kilikuwa kimekaa juu ya kompyuta yake, majani yamefunika kioo.

"Shangazi, naomba ruhusa niifungue folda yako."

"Fungua upendavyo, mwanangu. Ila ua langu usilisogeze."

Alhamisi mchana, ofisini kwake mwenyewe, Yasen akaifungua kupitia mtandao wa halmashauri. Akaitazama kwa muda. Akaenda kufunga mlango, akarudi, akagonga kibodi karibu saa nzima huku jasho likimtoka. Kisha akamwita Meya.

"Ya masijala imefunguka, mheshimiwa."

Meya alimkumbatia, akausaini mkataba mpya palepale. Kufika jioni, soko zima lilikuwa limeishiwa mdalasini.

Ijumaa, uani mwa halmashauri, Padri Metodi, mwamuzi wa mashindano, alionja chupa ya Meya, akafumba macho. Akaonja ya idara ya ardhi, akashika meza. Alipomaliza ya maji na ya kodi, aliomba maji, halafu akabadili mawazo, akaomba rakia, pombe kali ya matunda.

"Wanangu," alisema kwa shida, "nani kawafundisha kuchanganya mdalasini na maji ya kabichi chachu?"

Kombe likaenda kwa Shangazi Stoyna.

Meya akamvamia, kijiko bado mkononi. "Shangazi, umetumaliza! Tumefuata neno kwa neno yale uliyoandika kwenye kompyuta!"

"Kompyuta?" Shangazi Stoyna alicheka. "Ile ya chini ya ua langu? Hata kuiwasha sijawahi, mwanangu."

Halmashauri nzima ikageuka polepole kumtazama Yasen, aliyekuwa amesimama karibu na lango, mkataba mfukoni, akitafuna mkate mkavu.