Unyoya wa Mzee Kigwira

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kitabu changu cha nyuki kiko wapi?" Mzee Kigwira aliuliza, huku akifuta miwani kwa ncha ya kanzu.

Tunu alitazama pengo kwenye rafu. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya ukutubi, na bila kumaliza mazoezi ya kupunguza vitabu katika maktaba ya mji, shahada hiyo asingeipata. Jana alipitia rafu zote. Kila kitabu ambacho hakijaazimwa miaka mingi alikigonga muhuri wa kuondolewa, na lori likavipeleka vyote kiwandani kusagwa. Mzee huyu hakuwahi kukiazima kitabu chake cha nyuki. Alisoma hapohapo, kurasa chache kila asubuhi, kisha akakirudisha mwenyewe mahali pake. Tunu alimwona kila siku, lakini alipohesabu wasomaji, hakumhesabu.

"Au umekificha ukisome wewe?" mzee akacheka. "Nimefika pale malkia anapotoka mzingani na kundi lake. Tangu jana najiuliza watatua wapi."

Chini ya meza, Tunu alishika unyoya mweupe wa kuku uliodondoka kutoka katikati ya kurasa za kitabu cha nyuki alipokuwa akikigonga muhuri. Alikuwa ameupenda tu, akauweka.

"Babu," alianza, "kile kitabu..."

"Usiharakishe, mama. Mimi nipo."

Mzee akavuta kiti chake cha dirishani, akatandika leso mezani, akaanza kuinyoosha mikunjo taratibu, pale kitabu kinapolazwa.