Aliyeipungia Droni

Kwenye kioo cha rimoti, mpiga picha alimwona mdogo wake bibi harusi katikati ya ziwa, boti yake imezama, ameng'ang'ania dumu tupu. Mtumbwi wa waokoaji ulikuwa unaifuata droni, maana mawimbi yalimficha kijana wa watu. Kule harusini walikuwa hawajapata habari.

Rimoti ikaanza kulia. Betri inakwisha.

"Irudishe!" tajiri wake akamfokea. "Juu ya maji hatubahatishi. Ikizama, ni mali yangu hiyo!"

"Bosi, nikiiondoa hawatamwona."

"Basi kesho usije kazini. Wanaoitaka hiyo nafasi yako wamejaa tele."

Mpiga picha akatazama kioo. Kijana, masikini, alikuwa ametazama juu anatabasamu, anaipungia droni mkono.

Kidole gumba kikavuta nyuma kijiti cha rimoti, droni ikageuza. Kwenye kioo kijana akazidi kuwa mdogo, bado anapunga.

"Umeona sasa? Imerudi salama," tajiri akasema, akiidaka droni. "Haya, twende, wanakata keki."